Fundi Aliyempa Fartun Bisibisi

Fundi wa redio pale sokoni Garissa hupuliza vumbi kwenye kifaa kwanza. Hata salamu huitikia akishapuliza. Siku moja Fartun alimjia na wasiwasi. Alitaka kufungua kibanda cha michezo ya kompyuta, na akiba yake ilitosha mashine moja tu. Anunue iliyo tayari Nairobi, au aundiwe hapa?

“Abaayo, dada yangu,” fundi akasema, “ya dukani imefungwa, huoni ndani. Wewe hununua ngamia bila kumfungua mdomo?”

“Na mvua ikinyesha, nawe ukaenda malishoni na ngamia wako, nani atanitengenezea ikiharibika?”

Fundi akacheka, akamwekea vipande vya kompyuta mezani, akampa bisibisi. “Basi unda wewe, mimi nitakuelekeza.”

Wallahi, mikono ya fundi yule haijui kutulia. Aliikalia, asije akamnyang'anya Fartun kazi, mpaka feni ya mashine ikazunguka.