Transfoma ya Mtaa Wetu na Injinia Asiyekosea

Injinia wa Mjimwema amefariki. Habari nilipewa na kijana wa bodaboda aliyenipakia kutoka sokoni, na kabla sijashuka alikuwa ameshanieleza kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Nikamuuliza, watu gani? Akacheka, akadhani natania. Msibani nikayasikia maneno yale yale, safari hii kwenye wasifu, kwa kipaza sauti: mpole, mnyenyekevu, msikivu. Mimi nilikuwa mfanyabiashara kabla ya kuandika safu hii. Nikipokea mzigo naufungua nikauhesabu, nikimaliza narudia. Mzigo huu wa sifa nimeurudia, na upungufu uko palepale. Mungu amrehemu, hilo namwombea bila kupunguza. Mengine tusidanganyane.

Haki yake nimpe kwanza: kazi aliijua. Alikuja Songea kwa utumishi kutoka mkoa mwingine, akastaafu, akajenga hapahapa. Kwenye kompyuta yake alikuwa na programu ya kuiga mambo ya fizikia, na ndani yake alijenga transfoma ya mtaa wetu hapa Mfaranyaki: chuma chake cha katikati, nyaya zilizozungushwa, mafuta ya kupoza, hata bati la nje. Programu inaikata transfoma vipande vidogovidogo, kila kipande kinapigiwa hesabu ya sumaku na joto, na moto wake unapelekwa kwa kipande jirani. Unaiwekea mzigo wa umeme, unangoja, halafu inakuletea picha: penye ubaridi bluu, penye moto nyekundu. Niliiona kwa macho yangu na niliipenda. Unaunguza transfoma mezani, na ile ya nguzoni inaendelea kuwasha taa. Kwa mtu wa biashara, hasara usiyoilipa ni kitu kitamu sana.

Sasa, jirani yangu wa duka, mama mmoja mjane, alitaka kufunga mashine ya kukoboa na kusaga. Mashine nyingine zilikuwepo tayari kwenye laini ileile, naye hakutaka lawama. Akaenda kwa Injinia kuuliza, nami nikamsindikiza.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Tazama hapa, mama. Nimeongeza na mashine yako. Unaona wekundu mahali popote?"

"Sioni, baba."

"Basi kafunge mashine yako, ulale usingizi."

Hakutuuliza kitu, nasi hatukujua kama kuna la kusema. Alikuwa amechukua umeme wa mwezi mzima akaugawa sawasawa, kila saa ikapata fungu lake, kama pilau la harusi. Lakini huku kwetu hatusagi hivyo. Mahindi tunayakoboa, tunayaloweka siku kadhaa, kisha tunayaanika mpaka yakauke ndipo tuyapeleke mashineni. Mvua ikikaa wiki, makoboa hayo ya mji mzima yanakaa ndani yakinuka. Jua likitoka, kila uwanja unatandikwa turubai, na alasiri foleni inafika barabarani. Mashine zote zinanguruma kwa pamoja hadi usiku. Siku ya namna hiyo ilipofika, transfoma ilichemka, ikatoa moshi, ikapasuka. Mtaa ukakaa gizani muda mrefu.

Lawama ilikwenda kwa nani? Kwa mwenye mashine mpya, bila shaka. Wakambatiza Mama Giza. Wateja walipita mlangoni kwake na ndoo kichwani wakaenda mbele. "Tusage kwako halafu tulale kizani? Ahsante, Mama Giza!" Nilimwona akifagia unga ambao haukuwepo, ili tu aonekane ana kazi.

Nikapanda Mjimwema. Niliamini neno moja la Injinia lingemaliza maneno yote mtaani, kwa sababu watu walimwogopa kama mitihani.

"Njoo useme tu kwamba aliuliza, ukamruhusu," nikamwambia.

"Modeli yangu ya kompyuta haikukosea, ndugu mwandishi. Ninyi ndio mmetumia umeme ovyo."

"Basi useme 'tulikosea'. Nusu yako, nusu yangu, na mimi hata kompyuta sina."

"Fizikia haina bei ya maelewano."

"Robo, Injinia. Sema 'huenda'."

Akanigeuzia kompyuta. Alikuwa ameirudia hesabu, safari hii kwa mzigo wa alasiri ile. Transfoma ilikuwa nyekundu kama kaa la jiko. Akatabasamu kwa fahari. "Unaona? Ukiiwekea mzigo wa kweli, inaungua. Modeli iko sahihi kabisa."

"Na ukiitoa mashine ya yule mama?"

Akabonyeza. Tukangoja. Ikaja nyekundu vilevile. "Ingeungua tu," akasema, kama mtu anayetangaza matokeo ya mpira.

"Basi twende ukawaonyeshe!"

Fahari ikamtoka usoni. "Nikiwaonyesha hii, wataniuliza mara ya kwanza niliweka nini."

Akafunika kompyuta. Alijua, na akaishi na kujua huko mpaka kaburini. Mtaani alikuwa akipita mlangoni pa mama yule, akipokea shikamoo yake kila asubuhi, akaitikia marahaba kwa sauti nzuri. Upole wa kwenye wasifu labda ndio huo.

Siku hizi hesabu za mashine zimetuzunguka: barabara, mikopo, mvua, hata bei ya mbolea, kote tunaambiwa kompyuta imesema. Sina ugomvi na kompyuta. Ile ya Injinia ilisema kweli mara zote, kila mara kwa kile ilicholishwa. Ugomvi wangu ni na mtu anayepata jibu linalomwokoa mwenzake, akalificha kwa kuwa linamgusa yeye. Anayewahesabia wengine lazima aache nafasi ya kosa lake mwenyewe ndani ya hesabu. Asipoiacha, kosa halipotei. Atabebeshwa aliye karibu, asiye na wa kumtetea.

Sasa mwenye picha amezikwa na hawezi tena kukataa, kwa hiyo naisema mimi: mama yule hakuunguza transfoma. Aliuliza kwanza, akajibiwa vibaya. Mvua inaelekea kukatika, na makoboa yenu yamo ndani. Jua likitoka, simameni mlangoni kwake, mumwite kwa jina lake.