Kibaraza Nilichomwahidi Mke Mkubwa Kimetokea Kwenye Nyumba Zote Mbili

Wanangu mnaosoma huku, shikamoo zenu nimezipokea. Admin nifichie jina, maana huku Dutwa nafahamika sana. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la tatu, lakini pamba yangu inajulikana, ng'ombe ninao, na wake ninao wawili. Katika rika langu hakuna mwingine anayejenga nyumba mbili za tofali za kuchoma kwa mpigo mmoja. Ila sasa hivi nimebanwa, na wa kumwambia hapa kijijini sina.

Mwaka jana mke wangu mkubwa alikasirika akaenda kwa kaka yake kule Mwanhuzi. Alisema amechoka kila kitu kugawiwa sawa na mwenzake kama mahindi ya msaada. Nilimfuata mwenyewe. Mbele ya kaka yake nikaahidi kuwa nyumba yake mpya itakuwa na kibaraza kipana chenye nguzo, akina mama wa jumuiya wakija kusali wakae kivulini, na nyumba ya mwenzake haitakuwa nacho. Akakubali kurudi. Shemeji akanionya kwamba dada yake akirudi kwake tena kwa sababu ya maneno yangu, hatoki.

Ramani anachora binti yangu, mtoto wa huyo mke mkubwa, ana ofisi Bariadi mjini. Zamani kabla ya ugomvi mimi ndiye niliyemwagiza achore nyumba moja tu, aiweke mara mbili, wake wasije wakapimana. Sasa nilipoenda kuongeza kibaraza akanieleza kuwa ndani ya kompyuta zile nyumba ni kitu kimoja, yeye anaita bloku, ukiibadilisha moja na ya pili inabadilika yenyewe. Akataka kwanza aiachanishe ya mama yake. Nikaona atanichelewesha basi la kurudi kijijini. Nikamwambia, "Ng'wanone, mwanangu, mimi nimejenga kabla hujazaliwa. Nyumba haimwigi jirani yake. Weka hapo nilipoonyesha kidole."

Akaweka. Kwenye kioo ilikuwa imevutwa karibu nyumba moja tu, nikaona nguzo zimekaa kama za mkuu wa wilaya. Akaniomba nitazame na ya pili, nikamjibu nimeshatazama, chapa. Nikakunja karatasi nikaondoka kifua mbele.

Jumapili walipotoka kusali niliita wake zangu, shemeji na majirani. Nikajisifu kuwa ramani nimeitunga mwenyewe, binti alishika mashine tu. Nikaifungua. Vibaraza viwili. Mke mdogo akapiga vigelegele, akapiga magoti, akasema siku zote alidhani yeye nimemwoa kwa ajili ya palizi. Mke mkubwa alitazama mara moja, akavuta ungo wake, akaendelea kuchambua mchele. Shemeji aliaga bila kula. Na mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu, nikaacha ionekane ndivyo nilivyopanga.

Kesho yake baba mkwe, yule wa mke mdogo, ambaye namzidi umri, akaniletea kondoo wa shukrani. Nikampokea. Ningefanyaje?

Nikarudi mjini nikamlaumu binti. Hakunibishia. Akasema, "Kwenye kompyuta naiachanisha sasa hivi, baba. Kwa mama mdogo utaenda mwenyewe."

Hapo ndipo niliposhindwa. Kila jioni mke mdogo anakwenda kwenye msingi wa nyumba yake na watoto, anawaonyesha watakapokaa. Nikimwondolea, nimemvua nguo mbele ya baba yake. Nikiacha, nampoteza yule niliyelima naye tangu sina hata jembe la pili. Nikisema ni kosa la kompyuta, wazee watauliza si ulitunga mwenyewe?

Juzi nikajaribu kumpoza mkubwa, nikamwambia nitamwongezea hata sebule. Akaniambia taratibu, "Usiongeze kitu, mzee. Mimi hata nyumba ya udongo ningekaa. Nilitaka useme mbele ya watu kwamba mimi na yule hatukuanza siku moja." Nguo zake ameshazikunja, ziko kitandani, hajazitia kwenye begi.

Fundi ana kamba na vigingi mkononi, kila asubuhi ananiuliza kibaraza apime nyumba ipi. Namjibu asubiri, nina watu wa mjini nawauliza. Watu wenyewe ndio ninyi. Nimwambie apime wapi?