Plastiki yangu imeyeyuka kama siagi

Wasee, leo asubuhi nilikaribia kuwa maarufu.

Maabara yetu hapa Nakuru iko na mashine ya kupasha plastiki joto haraka sana, tuone inalainika lini kabla haijaungua.

Hii yangu iko na chaji za umeme zinazoishikanisha sana. Haifai kuyeyuka hata kidogo, huungua kwanza; hakuna mtu amewahi kuiyeyusha.

Leo imeyeyuka!

Nikaita Daktari anayenisimamia, mbio.

"Hiyo chembe ya plastiki uliiweka kwa mashine na nini?"

"Na unywele mmoja wa nyusi zangu, vile ulinifunza." Chembe ni ndogo kama vumbi, kibanio hakiishiki.

"Na uso umejipaka nini?"

Mafuta ya kukamulia ng'ombe. Baridi ya Lanet mnaijua.

Kumbe nimepima mafuta yaliyotoka kwa huo unywele.

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Uso wake unang'aa mafuta kuliko wangu.

Sasa nimuulize kuhusu vipimo vyake vya mwaka jana, ama ninyamaze?