Dari Linaanguka, Kiingilio Kama Kawaida

Binti yangu ananifuata na kalamu tangu asubuhi, eti mama andika. Niandike nini, na shule niliishia darasa la pili? Lakini maneno yamezagaa kwamba nilivuruga sinema kwa uchuro wangu, basi naandika mwenyewe, wasije wakaniandikia wao.

Nimefagia ukumbi wa sinema miaka ishirini na sita. Kazi yangu ya pili ni ubao wa mlangoni. Meneja hunipa kikaratasi chenye jina la filamu, nami nalinakili kwa chaki, herufi moja moja. Pale hakuna mwingine mwenye mkono ulionyooka.

Wiki ile ilikuwa filamu ya jiwe linalotoka mbinguni. Wataalamu wanapiga kelele, wakubwa wanajipaka poda wapigwe picha, na watazamaji wetu wanashika mbavu kwa kucheka. Juu yao, safu ya nne, dari lina ufa unaoingia vidole vitatu. Kila asubuhi nafagia chokaa mpya.

"Chokaa ni uzee tu, bibi," meneja akaniambia nilipomsihi afunge ukumbi. "Hata wewe unapukutika, mbona hatujakufunga?"

"Mimi nikianguka siui mtu."

Alhamisi chokaa ikaja na kokoto. Nikafuta jina la filamu, nikaandika langu: DARI LINAANGUKA. Nikasimama mlangoni na ufagio.

Wakaja mara mbili ya kawaida.

"Hii mpya?"

"Mpya. Ya kutisha, nasikia."

"Nani kacheza?"

"Hakuna aliyecheza," nikawaambia. "Ni dari la humu ndani."

"Bibi naye kafundishwa kutangaza," mmoja akasema, wakacheka, wakakata tiketi.

Meneja akatoka amefura. Akauona mstari wa watu, akanywea. Akachukua chaki yangu akaongeza chini: KIINGILIO KAMA KAWAIDA.

Mstarini alikuwamo mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, ana mimba ya miezi minane. Nikamshika mkono.

"Mwanangu, usiingie."

"Niachie, mama, nitakosa mwanzo."

Akaenda kukaa safu ya nne, kwa kuwa ndiko kwenye feni.

Hapakukalika. Nilifagia korido mara tatu, haina hata jani. Nikachungulia. Kokoto zinadondoka vichwani, watu wanajipangusa macho yakiwa kwenye picha. Jamaa mmoja kafungua mwavuli. Wa nyuma wakamwambia aushushe, anawaziba.

Nikaenda kwenye swichi kubwa ya korido nikaivuta chini. Picha ikakatika, ndani kukawa giza.

Wakamwagika wote koridoni kunitafuta, mkwe wangu mbele, tumbo mbele zaidi.

"Mama, umeniaibisha. Jiwe ndiyo kwanza linatua."

"Washa, wewe kizee," jamaa wa mwavuli akasema. "Una kijicho na starehe za watu."

Nikaegemeza mgongo kwenye swichi. "Anayetaka taa aniondoe."

Walikuwa bado wanashauriana nani aniguse, ndipo dari likashuka, safu ya tatu mpaka ya saba. Vumbi likatufuata hadi mlangoni. Mkwe wangu akanishika gauni.

Jamaa wa mwavuli, mweupe kama katoka kwenye gunia la unga, akamgeukia meneja. "Sasa mwisho wake tutauona lini?"

Mkwe wangu alijifungua salama. Jamaa sijamwona tena. Wewe unayesoma, kama ndiye wewe, njoo uniombe radhi, mchana, nikuone uso. Kama siye, unamjua. Mlete.