Kwanza Ukapatane

Katekista alipofika kwenye yale maneno ya kuiacha sadaka mbele ya altare, kwanza ukapatane na ndugu yako, nilisimama. Ilikuwa Jumapili ya mavuno huku kwetu Mwese, na nilikuwa nimekuja na debe la maharage. Nikaliweka chini ya altare, nikakaza khanga, nikatoka. Baadaye niliambiwa kuna waliodhani tumbo limenikata.

Ibada ilipoisha katekista alinikuta barabarani nangoja bodaboda ya kushuka Mpanda.

"Dada, si lazima uondoke leo. Yale ni mafundisho."

"Imeandikwa kwanza," nikamjibu. "Haikuandikwa ukipata nafasi."

Akacheka. Akasema basi maharage atayalinda mwenyewe, maana mama watoto wake ameshaanza kuyatazama kama mboga ya jioni.

Ndugu niliyekuwa namfuata ni mdogo wetu wa mwisho, ameolewa Karema, ziwani. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano nikabaki na wadogo zangu. Wakubwa wa ukoo wakakaa kikao, wakasema huyu mdogo kabisa aende kwa shangazi Karema, mimi sitamuweza. Hakuna aliyeniuliza. Siku ya kumchukua alikuwa amelala mgongoni kwangu. Shangazi alifungua khanga polepole ili asiamke. Nimelea wadogo wengine mpaka wakaoa na kuolewa, nimezaa wa kwangu, lakini mgongo wangu bado unamdai yule mmoja.

Yeye alikua akiamini nilimgawa. Alinitamkia hivyo kwenye msiba wa shangazi, watu wakiwa wamekaa: wenzake niliwaweka, yeye nikamtoa. Tangu siku ile simu zangu hapokei. Kila padre akija kutusomea Misa na kutuambia tutakiane amani, ninashika mikono ya walio karibu, halafu ninabaki nimeshika hewa.

Nililala Mpanda, kesho yake nikapata gari la Karema. Nilimkuta ufukweni anageuza dagaa.

"Shikamoo," akasema bila kuniangalia.

"Marahaba."

Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Nikainama nikaanza kugeuza dagaa upande wa pili, na huku nageuza nikamweleza: kikao cha wakubwa, khanga iliyofunguliwa akiwa usingizini, mimi kuwakimbilia mpaka mtoni na mjomba kunirudisha kwa kunishika mkono. Sikumwomba aniamini. Dagaa wa upande wetu wakaisha, tukahamia kwingine.

"Shangazi hakuwahi kuniambia ulitufuata," akasema.

"Labda aliona utalia."

"Ningelia, ndiyo."

Akakaa mchangani. Nilifikiri sasa atanitajia msiba, au ataniuliza nimechelewa wapi miaka yote. Akapangusa magamba kwenye vidole.

"Nyie wote mnamkumbuka mama," akasema. "Mimi sina hata sura yake. Alikuwa anachekaje?"

Nikamwambia mama alikuwa na pengo mbele, kwa hiyo akicheka aliziba mdomo kwa kiganja, na kicheko kikatokea puani, mabega yakitikisika. Nikamwonyesha. Sikuweza vizuri.

Mdogo wangu alikuwa ananitazama mdomoni kama mtoto anayefundishwa kusema.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.