Kondoo wa Baba Mdogo

Kwetu Gehandu, watu wakikosana vibaya huchinja kondoo, wakala pamoja, mambo yakaisha. Kwa hiyo siku baba mdogo alipoingia uani akimvuta kondoo jike mnene, nilienda kuosha sufuria bila kuambiwa. Mimi kwenye supu sina aibu.

Kosa lake lilikuwa kubwa. Ng'ombe wake waliingia shambani kwa mama wakamaliza mahindi, na mbele ya wazee wa kanisa akakana kwamba ni wake. Mama akaonekana mjane anayemsingizia shemeji yake. Nilimchukia yule mzee. Shikamoo yangu kwake ilitokea puani. Nyumba zetu zinatazamana, lakini tuliacha kuombana hata chumvi. Mwishowe alisimama kanisani mwenyewe akasema alidanganya.

Sasa alikuwa amekuja na kondoo, kisu, na majirani wawili wa kushuhudia. Na kula, bila shaka.

"Usimchinje, shemeji," mama akasema. "Nimeshakusamehe."

"Bila damu?"

"Damu ilishamwagika msalabani. Wewe unataka kuongeza nini?"

Majirani wakatazamana. Nikarudisha sufuria jikoni kwa hasira, tukawapakulia makande. Baba mdogo alimwacha kondoo kwetu, maana kurudi naye ingekuwa fedheha, ila moyo wake haukutulia. Kila akipita njiani aliuliza, "Yupo bado?" Ungedhani msamaha wenyewe umefungwa zizini. Na kwenye Meza ya Bwana hakuja. Wenzake wakienda mbele, yeye alibaki benchi la nyuma akizungusha kofia yake mikononi. Jambo hilo lilimuumiza mama kuliko mahindi.

Karibu na Krismasi kondoo akazaa, mtoto jike mwenye masikio meusi. Mama akamtunza mpaka akaachishwa kunyonya. Jumamosi ya kuamkia Pasaka akambeba kwenye shuka, akavuka barabara, nami nikamfuata nione.

"Huyu ni wako," alimwambia baba mdogo.

Yule mzee hakunyoosha mkono. "Shemeji, mimi ndiye niliyekosa. Iweje wewe ndiye utoe kondoo?"

"Kwani yule wa msalabani alitolewa na nani? Na sisi tuliokosa?"

Baba mdogo akampokea yule mwanakondoo, akamkumbatia kifuani, na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Nilifurahi, na nilishangaa kuona nimefurahi. Mahubiri mengi nimeyasikia kuhusu upatanisho, mengine nimeyasinzia, lakini pale mlangoni nilielewa.

Kondoo mkubwa bado yupo, kazeeka, supu yake sijainywa na siidai tena.

Kesho yake ile, Jumapili ya Pasaka, kanisani, mchungaji alipotukaribisha mezani, mama alisimama. Nyuma yake alisimama baba mdogo, mikono yote miwili wazi. Kofia alikuwa ameiacha benchini.