Ufunguo wa Bi Netta

Ukitaka kuingia magofu ya kanisa la Sandhaugh, pale mwambani juu ya bandari yetu ya Fife, huna haja ya ofisi. Unagonga kwa Bi Netta Gourlay, jirani yangu ukuta kwa ukuta, anakupa ufunguo, unazuru, unarudisha. Ndivyo alivyofanya mama yake, na yeye mwenyewe mwaka wa arobaini na moja huu. Haujapotea hata siku moja.

Oktoba iliyopita akaja Struan Pirie, kijana wa ofisi ya mambo ya kale, na kufuli jipya. Akasema magofu yatafungwa mpaka Aprili, na ufunguo wa zamani utawekwa kwenye kabati la kioo mjini. Kabati la kioo! Damu ilinichemka. Dod, marehemu mumewe, kazikwa humo ndani, na kila Jumapili Bi Netta huenda kupiga soga naye.

Yeye hakubishana. Alimpa mgeni supu ya samaki wa moshi, akangoja amalize, akajifunga kitambaa kichwani akatoka na ufunguo. Tukamfuata. Akafungua lango, akaketi kando ya kaburi la Dod, akajimiminia chai.

"Mama, tafadhali, nina kazi," Struan akasema.

"Ifanye, mwanangu. Nifungie humu humu."

Kisha akamnyooshea karatasi iliyokunjwakunjwa: hati ya kaburi. Kwetu kaburi lina mwenyewe kwa maandishi, na mwenye hati hazuiwi kulifikia, iwe jua iwe theluji. Hiyo ilisema kaburi ni la watu wawili: Dod chini, Netta juu siku yake ikifika. Kumbe wakubwa wa mjini walipima mawe yote wasiulize nani kalala chini yake! Struan akaisoma mara mbili, akapiga simu, akasikiliza, mabega yakamshuka. Akatoa ufunguo mmoja wa kufuli jipya.

"Huu ni wako, mama. Lakini usimpe mtu."

"Kama ni wangu, nitamwazima nimtakaye."

Tuliporudi, Bi Netta akautundika kwenye msumari wa mlangoni kwake, ubavuni mwa ule wa zamani, ambao hakuutoa ng'o. Asubuhi wakabisha hodi Wanorwei wawili, wamelowa chapachapa. Akawapa ule mpya.

"Msalimieni Dod, yuko kushoto," akawaambia. "Na mkimkuta kijana langoni anapigilia kibao cha 'Pamefungwa', mpisheni. Ana kazi."